Usukani Mpya, Honi Ileile

Mpendwa baba mkwe,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, nikacheka peke yangu mezani. Miaka yote niliyokaa kwenye mji wako sikuwahi kukuamkia. Kwa mila yenu mkamwana hamwamkii baba mkwe, hakai naye, hamtazami usoni, na wakikaribia kukutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Wapo majirani waliokwisha kuiacha mila hiyo, wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha za harusi. Wewe uliishika, na mimi nikaishika kwa ajili yako. Kwa hiyo ndiyo kwanza tunaongea, baba, na nina habari tamu mpaka sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye honi.

Ulikuwa ukitoka Kyela jioni, ukifika kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumbani, unapiga honi mara mbili. Fupi, halafu ndefu. Wageni walidhani unafukuza mbuzi. Kumbe ulikuwa unaniambia mimi: binti, nakuja, jiweke pembeni. Nami popote nilipo, niwe napepeta mchele au nina povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, nilichomoka mbio hadi nyuma ya migomba. Huko nilikuwa nasikia pikipiki ikizimwa, unakohoa, mama mkwe anakupokea mfuko. Kisha unauliza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Wote hapa wazima?" Nilijua hao "wote" ni mimi. Siku ukileta samaki, wale mbasa wa ziwani, ulimwambia mama, tena umeigeukia migomba kabisa, "Huyo mkubwa ni wa yule anayenyonyesha." Nilikaa kule nyuma nimeziba mdomo kwa kanga, nacheka.

Na ile asubuhi ya masika, uchungu ulipoanza? Lusajo, mwanao, alikuwa safarini. Barabara yote ya kutoka Mwaya ilikuwa tope, hakuna gari linalothubutu. Ukatoa pikipiki, ukaiwasha, halafu wote tukasimama tukitazama chini, maana mkamwana atakaaje nyuma ya mgongo wa baba mkwe? Mama ndiye aliyekata shauri. Alipanda katikati akawa ukuta wetu, mimi nikakaa nyuma nimejifunika kitenge kichwani, tukaondoka watatu, mishikaki.

"Mwambie ashike vizuri, kuna dimbwi," ukasema.

"Anasema ushike vizuri," mama akaniambia, kama vile mimi niko kijiji cha pili.

"Mwambie nimeshika."

"Anasema ameshika."

Tukaenda, tukateleza, ukaweka mguu chini, tukaenda tena. Nikawa nalia.

"Mwambie asiogope. Tutafika."

Mama hakulirudia hilo. Aligeuza kichwa akasema, "Umelisikia mwenyewe." Nilikuwa nimelisikia. Mjukuu wako alizaliwa kabla jua halijawa kali, na ukamnunulia soda kila mtu aliyekuwa hospitalini isipokuwa mimi. Yangu ilikuja kwa mkono wa mama.

Basi, ulipotutoka, baada ya matanga ndugu walikaa kuzungumza. Pikipiki yako ilikuwa pale ukumbini, imefunikwa shuka. Shemeji yangu wa Mbeya, yule uliyemgawia urefu wako wote, akasema chombo hakifai kukaa hivi hivi kikaozea ndani. Kama hapa nyumbani hakuna wa kukiendesha, yeye atakichukua. Lusajo hakujitolea, maana unamjua, yeye na pikipiki hawapikiki chungu kimoja. Nikamtazama mama. Mkono wake ulikuwa juu ya lile shuka, na vidole vilikuwa vinalikunja.

Nikajisikia nasema, "Nitaiendesha mimi."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikawaambia nilijifunza kwa kaka yangu Ipinda kabla sijaolewa, na kwamba ile miche yako ya kakao kule Katumba Songwe, anayeimwagilia ni mimi, na kila siku nabembeleza watu wanipakie. Shemeji akacheka, lakini hakuwa na ubaya. "Sawa. Nikirudi nikikuta inatembea, ibaki. Nikikuta imelala, naondoka nayo." Mama akaachia shuka.

Ah, baba, lakini pikipiki yako ilinitesa! Sikujua mtu anaweza kuteswa na chuma kizee namna ile. Usukani wako ulikuwa wa chini, umenyooka, uko mbele huko. Wewe ulikaa wima ukaushika bila shida. Mimi ilibidi nilale juu ya tenki kama mtu anayechungulia kisima. Nikifika Kyela viganja vimekufa ganzi, shingo imekakamaa, mabega yanawaka. Nikikata kona kali, mkono wa nje unaukimbia usukani, haufiki. Siku moja haukufika kabisa, nikaingia na pikipiki kwenye jaruba la mpunga la watu. Mwenye shamba alinitoa, akanipa pole, halafu akauliza kwa upole kama Lusajo anajua nilipo. Jioni ile nilishindwa hata kushika mwiko, na shemeji alikuwa amekwisha kupiga simu kwamba anakuja na mkewe. Nililala nikijua wazi kwamba pikipiki inaondoka, na kwamba mama atabaki na lile shuka.

Asubuhi nikaikokota mpaka kwa fundi Ambokile, pale Kyela mjini. Akanikalisha juu yake, akaizunguka mara kadhaa, akashika tama.

"Huyu mzee alikuwa na mikono ya kukata mkungu wa ndizi akiwa amekaa," akasema. "Mama, hapa tunabadilisha usukani. Mikono yako hatutaibadilisha."

Sikuwahi kujua kwamba inawezekana! Nilidhani pikipiki ni kama uso, unaupokea ulivyo. Akanionyesha usukani mwingine alionao, umeinuka juu halafu umerudi nyuma kwa mwendeshaji, kama pembe za ng'ombe wa kwetu. Nikasema funga.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuvua ile mipira ya kushikia. Baba, mipira yako ilikuwa imelika. Kila kidole chako kilikuwa kimejichimbia mahali pake. Nikaipokea, nikaweka vidole vyangu mle mle, vikapwaya. Hatukuwahi kupeana mkono, mimi na wewe, hata siku ile ya mtoto. Nilisimama nimeishika nikalia palepale kijiweni, na fundi akajifanya anatafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Usukani mpya ukafungwa. Nikapanda, nikanyoosha mikono, ikafika! Nikataka kuondoka saa ileile, fundi akanizuia. Akaiwasha, akaugeuza usukani wote kushoto, na injini ikanguruma yenyewe bila mtu kukaza mafuta. Nikaruka kando. Kumbe usukani ukiinuliwa, waya wa zamani unakuwa mfupi. Ukikata kona unavutika, na pikipiki inaongeza mwendo pale pale unapotaka ipunguze. Ningeondoka vile, jaruba lisingenitosha, ningekwenda kuishia ziwani. Akafunga nyaya ndefu, wa mafuta na wa klachi, akazipitisha vizuri zisibanwe. Akainamisha mikono ya breki na klachi ifuate mkono wangu, ili nisikunje kiganja. Akavisha mipira minene, laini. Akasogeza vioo, nikaona nyuma yangu kwa mara ya kwanza, badala ya kuona viwiko vyangu. Halafu akashika honi, akasema hii imezeeka, ana nyingine inayoimba.

"Honi usiguse," nikamwambia, na nadhani nilifoka kidogo.

Baba, natamani ungeona! Nilitoka pale mgongo umenyooka, viwiko vimelegea, na pikipiki ikanisikia. Nikitaka kulia, kulia. Nikitaka kushoto, kushoto. Nilitakiwa kurudi nyumbani, nikajikuta nimepitiliza mpaka Itungi bila sababu yoyote ya maana, nikaliona ziwa jeupe na milima ng'ambo, nikageuza, nikarudi nikiimba kwaya ya kanisani kwa sauti mbaya. Kakao za watu zilikuwa zimeanikwa kando ya barabara, nikazisalimia zote. Nilipoteremka nilivitazama vidole vyangu, nikavichezesha kimoja kimoja. Vilikuwa hai! Jioni ile nilisonga ugali, nikaosha vyombo, na bado nikataka kutoka tena.

Jumamosi shemeji akaja na mkewe, Atupele. Mimi sikuwepo, nilikuwa narudi kutoka Katumba Songwe na miche iliyobaki kwenye keria. Nilijua wamefika, kwa hiyo nikawa nimenyoosha mgongo kama askari. Nikafika kwenye ile kona. Wala sikufikiri, kidole gumba kilikwenda chenyewe. Fupi, halafu ndefu.

Nikaingia uani. Sahani ya wali ilikuwa imepinduka mkekani, kuku wanasherehekea. Shemeji alikuwa amesimama, ameduwaa. Atupele hayupo. Nikatazama kwenye migomba, nikaona pindo la kitenge limejibanza. Binti wa Tukuyu, mila ileile. Amesikia honi ya baba mkwe, miguu ikamtoa mbio kabla akili haijamkumbusha. Na mama alikuwa mlangoni pa jiko, ameshika ndoo inayofuka mvuke.

Mama akaniangalia, akaiangalia ndoo.

"Nimesikia baba yenu amefika," akasema. "Nikamtilia maji ya kuoga."

Niliogopa, baba. Nilidhani nimemuumiza, na wazo la kwanza likawa kwamba nitaing'oa ile honi kwa meno. Lakini kule migombani Atupele akachungulia, jani kavu limemkaa kichwani, akasema, "Mwenzangu, utaniua!" na mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaiweka ndoo chini, akacheka na machozi yanamtoka, na sote tukamfuata, hata shemeji.

Kisha shemeji akaja kuikagua pikipiki. Akapanda. Akaukata usukani kulia, ukamgonga goti. Akaukata kushoto, ukamgonga goti jingine. Akajaribu kurudi nyuma, akakaribia kuikalia miche.

"Shemeji, umeifanyaje hii? Hainiingii tena."

"Nimeishona kwa kipimo cha mwili wangu," nikamwambia.

Akateremka akisugua magoti, akamwambia mama, "Hii ibaki. Imeshapata mtu wake." Mama akaitika kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa saa. Ila alipita pale pikipiki iliposimama, akachukua lile shuka lililokuwa limetundikwa ukutani, akaenda kulitandika kitandani kwake.

Halafu akaninyooshea ndoo. "Njoo uoge wewe. Maji yameshachemka, na umetoka mbali."

Nikaoga maji yako, baba. Nilipotoka nikamuuliza kama anataka niache kupiga honi pale konani. Akasema, "Piga. Nikiisikia najua mtu wangu amefika." Tangu hapo napiga kila jioni, na kila jioni nakuta maji ya moto. Mipira yako ya zamani sikuitupa. Iko kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na siku nyingine naingiza vidole, naona kama vinaanza kutosha.

Ndaga fijo, tata, asante sana, baba. Kwa mbasa, kwa soda, kwa "mwambie asiogope." Kesho napeleka miche mingine Katumba Songwe. Jioni nitapiga honi kwenye kona yetu, fupi halafu ndefu. Kama bado unapitapita mitaa hii, usihangaike kukohoa. Pita tu. Mimi sijifichi.

Mkamwana wako,
uliyemjua kwa kisogo