Jike, Peke Yake

Jumatatu, 3 Novemba
Masikio ya nyati yamekauka. Nimempiga brashi, nimemrudisha ukutani. Nyati wa kwetu kabisa, Rukwa. Kafika Dubai bila kuulizwa swali uwanja wa ndege. Kazi ni ileile: kujaza ngozi za wanyama, kumfanya mfu aonekane ana hasira.
Mchana limeingia sanduku kutoka Alaska. Dubu wa kahawia, yule mkubwa wa pwani, mla samaki. Ngozi imeshalainishwa, fuvu liko kando. Sijawahi kumshika dubu. Nimemnusa. Chumvi na dawa tu.

Jumanne, 4 Novemba
Nimesoma makaratasi ya dubu kwa kuwa hakuna aliyenikataza. Karakana nzima ni mimi tu ninayesoma makaratasi. Wenzangu wanasoma simu.
Kule wana sheria nzuri. Kila dubu na kibali chake. Ngozi hupelekwa kwa ofisa ikiwa na alama ya jinsia, ofisa anaifunga lakiri yenye namba. Hung'oa na jino dogo, wakahesabu miviringo ya ndani wajue umri. Nimetazama fuvu. Kweli, pengo lipo. Na jike mwenye watoto haruhusiwi kuuawa kabisa. Hilo nalijua. Hata kambi za uwindaji kwetu, nilikokuwa mchunaji, simba jike hakuguswa.
Karatasi ya huyu imeandikwa: jike, peke yake.
Haya.

Jumatano, 5 Novemba
Nimemtandaza mezani, tumbo juu. Chuchu sita. Nne kifuani, mbili chini. Ndefu, na kila moja manyoya yamelika pembeni, yamebaki maduara ya ngozi tupu. Nimechuna wanyama miaka kumi na moja. Maduara yale hutengenezwa na midomo.
Hakuwa peke yake.
Ofisa aliona ngozi iliyokunjwa, imejaa chumvi, akaandika alichoambiwa. Ndivyo ninavyodhani. Aliuawa Mei. Watoto wachanga hawafiki Novemba bila mama. Kwa hiyo hakuna wa kuokoa. Kwenye hesabu yao kule amepungua mmoja. Mimi nahesabu watatu, labda wanne.
Chai imepoa. Nimeinywa hivyohivyo.

Alhamisi, 6 Novemba
Mteja amekuja na arbab, bosi wetu. Mtu mcheshi, kaniletea tende. Nilitaka awe mbaya, hakunisaidia.
Anataka dubu asimame kwa miguu miwili, mikono juu, pembeni mwa majlis yake, sebule ya wageni. Nikajifanya bingwa. Nikasema dubu wa pwani hupendeza akiwa kwa miguu minne, ameinamia maji. Tumbo liwe chini, lisionekane, ndiyo maana yangu. Mteja akacheka. Asimame.
Kisha akasema ameshaomba kibali cha Mei ijayo, ghuba ileile ya Alaska alikomuua huyu. Safari hii dume, inshallah.
Alipoondoka, arbab akaligusa tumbo kwa ncha ya kalamu. Si mjinga yule.
"Hizi toa. Shona. Khalas."

Ijumaa, 7 Novemba
Baada ya swala nimefungua tovuti ya ofisi yao ya wanyama. Kuna fomu ya kuripoti. Wakimkamata mteja kwa huyu, Mei haendi. Namba ya lakiri ninayo. Picha tatu za tumbo ninazo. Jina si lazima, wanasema. Lakini lakiri ni moja, ngozi ni moja, na meza iliyo chini ya ngozi ni yangu. Jina la nini tena?
Wanjiru, Mkenya anayepaka rangi pua na ndimi za wanyama wetu, akachungulia simu.
"Mzee, ukituma hiyo, arbab atajua ni wewe kabla hujairudisha mfukoni. Sote tunapelekwa nyumbani. Na mimi nina mtoi shule, bana."
"Na watoto wa huyu?"
"Si ushasema wamekufa?"
Hakusema kwa ubaya. Nimefunga fomu. Picha nimezibakiza. Mimi ni mwoga mwenye kumbukumbu nzuri.

Jumatatu, 10 Novemba
Arbab kauliza mara mbili. Nikamwambia sindano inayofaa haipo. Akaleta sindano.

Jumanne, 11 Novemba
Nimekata zote sita. Mishono midogo, manyoya nimeyachana juu yake. Hata mimi sioni kitu. Hiyo ndiyo aibu: mimi ni fundi.
Arbab akafurahi. Simu yake imeisha chaji, akaomba yangu aupige picha ule mshono usioonekana. Mkono umenyooshwa, ananisubiri. Nikafuta zile picha tatu pale pale, kwa kidole gumba, nikimtabasamia. Ndipo nikampa.
Sasa hakuna popote palipoandikwa. Ila humu.

Alhamisi, 13 Novemba
Mwili wa povu gumu, wa kuvalishwa ngozi, umefika, uso mbele, mdomo wazi. Nimeukata shingo, nikaugeuza kichwa. Mdomo nimeuziba. Nimemwambia arbab meno ya dubu ni mabovu, hayatapendeza. Meno ni mazima.
Wanjiru alikuwa ameshachanganya rangi ya ulimi. Akatazama kichwa kilikogeukia, akaimwaga. Pua ameipaka iwe na unyevu, kama ya mnyama aliyetoka kunusa.  

Jumatatu, 17 Novemba
Tumempeleka Al Jaddaf, ghorofa ya kumi na mbili. Kwenye lifti ya mizigo alisimama vizuri kuliko sisi.
Nimemfunga sakafuni, nimemfuta vumbi. Mikono iko juu, kama alivyotaka mteja. Kichwa kimegeuka nyuma, kimeinama, macho yanatazama chini, kimo cha goti la mtu.
Mteja akamzunguka. Akaja kusimama pale dubu anapopatazama, akaangalia zulia.
"Anatafuta nini?"
"Samaki, sir."
Akaridhika. Akanipa tende tena.