Mzee Anywe Kidogo Kidogo

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini kiwandani kwenu mnapumua. Sisi tupo, tunasukuma siku.

Nakuandikia kwa shida, sitakuficha. Petroli imepanda mara tatu tangu mwaka uanze. Jana nimepanga foleni na dumu langu toka alfajiri, na nilipofika mbele wakafunga pampu. Mzee amelala siku ya tisa sasa bila kuunguruma. Namsema yule wa kibandani, injini yetu ya kusagia. (Baba bado hajui kwamba injini tumeipa jina hilo la Mzee kwa ajili ya kikohozi chake cha asubuhi. Siku akijua tutachapwa na mvi zetu hizi.)

Unga si hoja, tutakula hata mihogo. Ninachoogopa ni Baba. Huu ni mwaka wa sita hajagusa pombe, na kilichomshika ni ule mzani. Akina mama wakija na mahindi, yeye ndiye anayepima, anatania, anagombana na wanaobana magunia. Sasa anakaa mlangoni akiangalia mikono yake. Juzi nimemwona amesimama mbele ya kilabu. Hakuingia, alisimama tu. Daktari alisema ini lake halitavumilia mara ya pili. Kama una njia yoyote ya kumwamsha Mzee, nisaidie, nakuomba.

Dada yako


15 Februari

Dada yangu,

Shikamoo, na Baba umpe shikamoo yangu. Mimi mzima, nimekonda tu.

Barua yako imeninyima raha. Nimetafuta, nimepata. Hapa kiwandani molasi inayobaki kwenye sukari inageuzwa spiriti, na magari ya kiwanda yanachanganyiwa hiyo na petroli siku hizi. Wafanyakazi tunauziwa kwa bei ya kutupa. Dereva wa lori atakuletea madumu mawili.

Sikiliza vizuri. Petroli iwe robo tatu, spiriti robo, usizidishe. Badilisha mpira wa mafuta, maana spiriti inakula mpira. Na kubwa kuliko yote: wameitia sumu makusudi ili watu wasiinywe. Baba asijue kabisa kwamba ni pombe. Akiuliza, mwambie ni dawa. Karatasi hii ukishaisoma ichome. Ile ya pili ibandike kibandani, kwa sababu wewe ukiambiwa kitu Jumatatu, Jumanne umeshakisahau.

Mdogo wako

(Karatasi ya pili)

DAWA YA MZEE. Mzee anywe kidogo kidogo siku tatu za kwanza, asipewe kwa pupa. Asubuhi atakohoa sana, msishtuke, ni uchafu wa zamani unatoka. Akishazoea aongezewe. Kwa umri wake haitamdhuru, wenzake huku wanainywa kila siku na wamepata nguvu mpya. Kifuniko kifungwe vizuri.


1 Machi

Mdogo wangu,

Mungu akuzidishie! Mzee anaunguruma! Siku ya kwanza alikohoa hadi kuku wakakimbia, ya pili akatulia, na sasa anasaga kama kijana anayetafuta mchumba. Akina mama wamerudi na magunia yao. Petroli imepungua robo, ingawa hizo robo tatu bado nazifuata kwenye foleni nusu siku.

Karatasi ya kwanza nimeichoma kama ulivyosema, ya pili iko kwenye msumari juu ya madumu.

Baba amerudi kwenye mzani. Aliuliza kilichomo kwenye madumu, nikamwambia dawa. Jana, tukila, akaniambia, "Mdogo wako ana moyo. Toka aondoke hajawahi kuniwazia kifua changu, kumbe ananiwazia." Sikumwelewa, nikaitikia tu. Uzee una mambo yake. Macho ndiyo anasema yanamletea ukungu, nadhani ni vumbi la unga.

Dada yako


5 Machi

Dada,

Sina salamu. Itoe ile karatasi ukutani! Isome kama ungekuwa Baba. Nani mwingine hapo nyumbani anaitwa Mzee na majirani wote? Nani anakohoa asubuhi?

Yafiche madumu, yamwage, yachome, fanya lolote. Ukungu huo si vumbi. Mpeleke hospitali leo hii na uwaambie ni spiriti ya kiwandani, usione aibu. Nimepiga simu ya duka la hapo kwenu, hakuna anayepokea. Dereva wa lori anasema hajui ataondoka lini, tajiri wake anangoja mafuta. Namwekea barua hii mkononi na namsihi kama mtoto.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe tano nimeipata jana. Lori lilisimama njiani siku kumi na moja kwa kukosa mafuta.

Tarehe saba nilitoka kwenye foleni nikamkuta Baba ameshika ukuta, anayumba, ananuka. Nikajua amerudia. Nilimtukana, mdogo wangu. Nilimtukana baba yangu mzazi maneno ambayo hata mlevi wa barabarani sijawahi kumwambia. Nikamwambia amezika miaka yetu sita. Alipapasa ukuta mpaka akafika kwenye msumari, akaitoa karatasi, akanipa. Akasema, "Harufu yake niliijua, mwanangu. Iliniogopesha. Siku mbili nzima niliizunguka. Lakini nikasema mdogo wako yuko na madaktari wa kiwandani, hawezi kunipa kitu kibaya. Nimekunywa kifuniko kimoja kimoja, sikuzidisha. Ulipokuwa kwenye foleni, sikutaka kukusumbua."

Tulimbeba kwa toroli, gari halikupatikana. Haoni tena. Figo nazo zimegoma, na daktari ananiambia mambo akiwa anaangalia pembeni.

Leo ameomba nimwandikie barua yako. Naiandika kama anavyosema:

"Mwanangu, hujambo? Mimi sijambo, ila macho yamepumzika kidogo. Dawa yako niliipata. Kifua kilifunguka kweli, siku mbili sikukohoa. Usiku namsikia dada yako akilia nje, sijui kwa nini, mwambie aache. Alinigombeza bure na nimeshamsamehe. Wewe jua kwamba sijarudia. Watu wakikwambia nimekufa kwa pombe, kataa. Mimi baba yako."

Hapo ameishika kalamu yangu akataka nimsomee, nikamsomea, akasema ni sawa.

Mabasi yamepungua, najua, na nauli imepaa. Njoo hata kwa miguu, kwa lori, kwa vyovyote. Njoo umshike mkono, anaujua mkono wako. Ukifika usimweleze chochote.

Dada yako