Matairi ya Mke Mwenza

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kifua chako hakikusumbui tena kwenye baridi ya huko. Sisi tuko salama kwa kadiri Mungu alivyotujalia. Magoti ya mama yanalalamika akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, unamjua. Shemeji yako bado anaendesha basi la shule, na anasema watoto wa siku hizi wana kelele kuliko injini. Mimi niko palepale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka hayaishi, wala sitarajii yaishe kabla yangu.

Najua ungependa nipige simu. Nimejaribu, na kila mara najikuta nakuulizia mvua. Mambo haya yana mpangilio wake, na mtu wa elimu yangu akishika simu mpangilio unamponyoka. Basi vumilia nianze mwanzo.

Rimu za gari ulizotuma zilifika salama, hazina mkwaruzo. Shemeji yako alizifungulia sebuleni, akazipanga juu ya zulia, na mama alipopita akauliza kama tumenunua masufuria. Nikamweleza kwamba ni miguu mipya ya gari la baba, umeituma ili gari lipendeze, yule daktari wa meno anayetaka kulinunua aje alichukue. Nilimwambia wazi, sikumficha kitu. Akasema vizuri, mke mwenza naye amepata viatu. Kisha akaenda zake jikoni.

Jina hilo hujalisahau. Tangu baba alipolileta gari lile uani, jekundu, la spoti, paa la turubai na viti viwili tu kana kwamba hana watoto, mama hakuliita kwa jina jingine. Baba akichelewa kula, tulitumwa tukamwite kwa mke mwenza. Akinunua kopo la nta ya kulisugulia, mama aliuliza ya kwake ya kupaka mikononi iko wapi. Na katika miaka yote ile hakuwahi kuketi ndani yake. Alikuwa akisema mwanamke mwenye heshima zake haketi kwenye mapaja ya mwenzake.

Sasa matairi. Maagizo yako nilikuwa nayo: yawe ya bei nafuu, mapana, yanayong'aa, kwa sababu macho ndiyo yanayonunua. Nilianza na duka kubwa la vioo. Muuzaji mwenye tai aliponisikia nikitaja aina ya gari alibadilika sauti, akanivutia kiti. Akanionyesha matairi ya mashindano, laini, akasema yanashika barabara kama mjusi ukutani. Aliponitajia bei nikauliza kama ni ya yote manne. Akasema ni ya moja. Nikamshukuru, nikatoka polepole ili nisionekane nakimbia.

Kutoka hapo mimi na shemeji yako tukaenda kwa wauza mitumba. Kule kulikuwa na manne ya saizi ya rimu zako, mapana, meusi yanameremeta kama viatu vya bwana harusi, na bei ya kumfaa kila mtu. Nilikuwa nimeshafungua pochi. Shemeji yako akainama kusoma zile tarakimu ndogo za ubavuni zinazosema tairi limetengenezwa lini, akainuka akiwa anacheka. Matairi yale yana umri mkubwa kuliko kitinda mimba wetu, na kitinda mimba wetu anajifunza kunyoa ndevu. Mwenye mali akajitetea kwamba tairi ambalo halijatembea halizeeki. Shemeji yako akamjibu kwamba basi hata mkate ukikaa kabatini hauoti ukungu. Walitaniana hivyo mpaka watu wakajaa.

Sikufichi, bado nilitaka kuyanunua. Ndiyo uliyoyaagiza, na ndiyo yangemaliza kazi. Nikasogea pembeni nikasali kidogo, si sala ndefu. Nikamfikiria huyo daktari wa meno, mtu nisiyemjua, amekanyaga mafuta kwenye barabara yenye maji, na chini yake kuna mpira uliokauka. Nikaona siwezi kumuuzia mtu kifo kilichopakwa dawa ya viatu. Nikafunga pochi.

Ndipo tukamwendea fundi mmoja nyuma ya kituo cha mafuta, wanamwita Jeki kwa sababu ni mfupi na hunyanyua vizito. Yeye hauzi tairi la gari ambalo hajaliona, akaja mpaka nyumbani. Tukamwingiza bandani, tukafunua turubai la kufunikia gari, akapima kwa kiganja nafasi iliyo kati ya gurudumu na madigadi. Akasema umefanya vyema kutuma rimu za inchi kumi na tano, kwa sababu zile za zamani ni kumi na tatu, na siku hizi saizi hiyo utaipata kwenye mikokoteni. Kumi na tano huvaliwa na magari madogo ya familia, kila duka linayo, kwa hiyo yanapatikana mazuri kwa bei ya kawaida. Lakini upana unaoutaka alikataa. Alisema ukikata kona tairi litang'ata madigadi, na gari litatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Nikakumbuka vile viatu vyako vya shule nilivyorithi, nikacheka peke yangu.

Kisha akaniuliza swali, na swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Aliuliza kama gari hili ni la kukaa au ni la kutembea. Nikamuuliza kuna tofauti gani. Akasema ipo kubwa. Gari la kukaa, matairi yake hufa kwa uzee kabla hayajaisha meno, kwa hiyo ni ujinga kulipia tairi la kudumu miaka kumi. Nunua jipya kabisa, la mwaka huu, la jina lisilo na majivuno, na liwe laini kiasi cha kushika kwenye mvua. Nikamjibu kwamba gari ni la kuuzwa. Akasema hilo si jibu la swali lake.

Alipokuwa analegeza nati za matairi ya zamani akasimamisha kazi. Akalizungusha gurudumu moja, kisha la pili, akayazunguka yote. Akasema matairi haya yamepasuka kama visigino, hayafai hata kwa bembea, lakini yote ni ya duara. Hakuna aliyemwelewa. Akaeleza kwamba gari likisimama mahali pamoja muda mrefu, tairi hukaa bapa upande ule unaogusa sakafu, na bapa hilo haliondoki. Gari lililosimama tangu baba aanguke kwa kiharusi lilipaswa kuwa na matairi yenye makalio. Akauliza nani analisogeza. Nikasema hakuna, ufunguo wa banda uko kwenye msumari jikoni na hakuna anayeingia. Akasema basi mna jini, na jini hilo lina nidhamu.

Wote tukacheka. Mimi nikainama kuokota turubai tulilolitupa chini, na hapo kicheko kikaniisha. Baba alikuwa akilirusha turubai juu ya gari kama mtu anayefukuza nyuki. Turubai hili lilikuwa na mistari ya mikunjo. Lilikuwa limekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, mara tatu kwa tatu, na kona imeingizwa ndani. Kaka, mimi kazi yangu ni mashuka. Nguo iliyokunjwa inaniambia imekunjwa na nani kama vile wewe unavyotambua mwandiko. Kwenye nyumba yetu anayekunja hivyo ni mtu mmoja.

Nilimkuta mama jikoni anamenya viazi. Nikamuuliza moja kwa moja kama amekuwa akilisogeza gari la baba. Hakuinua macho. Akasema ndiyo, kwani lina mwingine?

Akanieleza huku akimenya. Unakumbuka jinsi baba alivyolala upande mmoja umekufa, na wauguzi wakamfundisha mama kumgeuza asiote vidonda vya mgongo. Wewe ulikuja ukaona alivyokuwa akimgeuza, kushoto, kulia, asubuhi na jioni. Anasema siku moja, baada ya kumgeuza, baba akaanza kuonyesha dirishani kwa mkono mzima, kuelekea banda, na kuuzungusha mkono ule. Maneno yalikuwa hayatoki. Mama alidhani anataka dirisha lifunguliwe. Akalifungua, baba akakasirika. Akamletea maji, baba akayamwaga. Walibishana hivyo mpaka mama akaelewa: anaomba na lile nalo ligeuzwe. Mama anasema alimtukana siku ile. Alimwambia mimi nakuosha mimi, nakulisha mimi, na huyo mwanamke wako pia nimwoshe? Kisha akachukua ufunguo akaenda.

Aliachia breki ya mkono, akaweka gia huru, akasukuma bodi, gari halikutingishika. Akarudi kumwambia baba kwamba mke wake mkaidi. Baba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akamwonyesha kwa mkono: shika tairi lenyewe, juu, lizungushe, usisukume bodi. Likaenda. Likasogea nusu mzunguko, akaweka tofali. Mara nyingine akalirudisha. Upepo alijaza kwa pampu ya baiskeli yako ya zamani. Kila alipomaliza alirudi chumbani kumwambia baba kwamba amemgeuza mwenzake, hana kidonda.

Nikamuuliza mbona baba alipofariki hakuacha. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akasema mikono ilikuwa imeshazoea kugeuza, na hapakuwa tena na mwingine wa kugeuzwa.

Akaweka sufuria motoni.

Nilirudi kwa Jeki nikamwambia ni la kutembea. Akafunga yale ya kawaida, mapya, membamba kuliko ulivyotaka. Hayang'ai. Shemeji yako akaliwasha gari baada ya kubadilisha betri na kutukana kidogo, Mungu amsamehe, kisha akamfungulia mama mlango. Nilidhani atakataa. Aliitazama kanga yake, akafuta viganja, akaingia. Kwa vile viti ni viwili, mimi nilibaki getini. Walizunguka mtaa, wakapita shule, wakarudi. Mama aliposhuka, ilibidi tumvute wote wawili. Alisema kumbe mzee alikuwa anakaa chini hivi, ndiyo maana alikuwa akirudi nyumbani na magoti yakimuuma, na yeye alikuwa akidhani anatega kazi. Ni hayo tu aliyosema siku ile.

Sasa nafika pale nilipokuwa napaogopa tangu mstari wa kwanza.

Daktari wa meno alikuja. Ni mtu mpole, ana mikono misafi, alilizunguka gari bila kuligusa, na aliyasifu matairi kuliko rimu. Alisema yaliyochaguliwa hivi yamechaguliwa na mtu anayelipenda gari. Kabla hajafika, mama alikuwa ameniita chumbani na kunipa ufunguo wa gari. Alisema nimpe huyo daktari, na nimwambie jambo moja tu, kwamba asipolitembeza aligeuze. Nikamwambia mama, kama hutaki liuzwe sema, nitamwandikia kaka. Akasema hapana, liende. Yeye ameshamaliza kuuguza. Alisema kwa sauti ya mtu anayesema chai imeiva.

Kaka, sikumpa daktari ufunguo. Ulikuwa mfukoni mwangu, nimeushika mpaka umepata joto. Nilimwambia kwamba wewe umebadilisha mawazo, umeandika gari lisiuzwe. Nilisema uongo kwa jina lako, mbele ya mume wangu, na mume wangu akatazama chini. Daktari akasema anaelewa, akaaga vizuri. Mama hajui. Anadhani daktari atarudi kulichukua.

Nimetubu kwa Mungu, sasa naja kwako. Kadi ya gari ni ya jina lako, na neno ni lako. Ukiandika liuzwe, nitamfuata daktari nimweleze ukweli, na aibu itakuwa yangu. Nilikuwa nimejiandalia sababu nyingi za kukuambia, kwamba mama atahuzunika, kwamba ni kumbukumbu. Si kweli. Mama amemaliza. Aliyebaki ni mimi. Zile siku zote alizokuwa akimgeuza baba, mimi nilikuwa hospitali napiga pasi mashuka ya wagonjwa wa watu wengine, na sikumgeuza baba hata mara moja.

Leo asubuhi kabla ya kwenda kazini niliingia bandani. Nikaachia breki, nikashika tairi juu kama nilivyoelekezwa. Ni jipya, halihitaji bado, Jeki angenicheka. Nililisogeza nusu mzunguko nikaweka tofali. Ni zito, kaka. Sijui yeye aliwezaje.

Wifi msalimie sana, na watoto waambie shangazi yao anawaombea kila asubuhi, hata yule anayesema haamini. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija uje peke yako, viti ni viwili. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe moyo wa kunijibu upesi, vyovyote utakavyojibu.

Mdogo wako uliyemrithisha viatu,
Kifungo