Kikapu cha Wifi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, mkata nyama, ambaye hajambo isipokuwa vifundo vya mkono wa kulia, vimevimba. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko machimboni, na kwamba kile kikohozi cha vumbi kimekuachia. Mama hajambo. Anakula, analala, anagomba. Kila siku anauliza kwa nini hupigi simu, kila siku namwambia kambini kwenu simu hazishiki, na kila siku ananiambia ni uongo.

Kabla hujasikia kwa watu, nakuambia mwenyewe: ni kweli baba mdogo ameng'oka jino, lile la mbele, na ni kweli mimi ndiye niliyeling'oa. Usiichane barua. Soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Dereva wa lori alituletea ujumbe wako Jumatatu. Ulisema mkeo afungashe arudi kwao kabla hujaja likizo mwisho wa mwezi, kwa sababu huwezi kulala chumba kimoja na mwanamke aliyekaribia kumchoma mama yako akiwa hai. Wifi aliusikiliza ujumbe amesimama, akamshukuru dereva, akaenda kutafuta kamba ya kufungia sanduku. Hakulia. Ingekuwa mimi ningevunja vyombo vyote.

Sasa ngoja nikueleze tulikotoka, maana wewe ulimleta, ukamwacha mikononi mwetu, ukaenda zako.

Unajua mkeo ni fundi wa majokofu. Siku ya tatu tu alibana karatasi kwenye mlango wa friji yetu, akaivuta ikatoka bila shida, akatangaza kwamba mpira umechoka na kwamba miaka yote tumekuwa tukipoza jiko zima. Akabadilisha mpira. Nikasema sawa, huo ndio ufundi wake. Kumbe ndiyo kwanza anapasha misuli. Birika la umeme lijazwe maji ya vikombe vinavyonywewa tu. Chaja zichomolewe ukutani. Taa ya uani izimwe tukilala. Maganda yafukiwe shimoni, takataka zisichomwe. Pasi iwashwe mara moja kwa wiki, nguo za watu wote kwa pamoja. Alisema moshi wa nyumba moja ni kidogo, lakini nyumba ni nyingi, na joto hili tunalolilalamikia kila mwaka tunalipika wenyewe. Mimi nilimjibu kwamba sijawahi kulipika joto, mimi hupika ugomvi.

Na kweli niliupika. Jumatano moja nilikuwa napiga pasi koti langu jeupe la buchani, akaja akachomoa waya. Nikamzaba kibao. Loo, kaka, sikujua umeoa nani! Alikuwa na upawa mkononi, akanitandika nao juu ya jicho, damu ikaruka hadi kwenye koti. Nikamkamata nywele, akaning'ata bega, tukaangukia beseni la vyombo. Mama alitumwagia maji machafu ya kuoshea vyombo, kama anayewatenganisha mbwa. Nilishonwa nyuzi tatu. Na aliyenipeleka zahanati ni yeye mwenyewe, tena kwa miguu, maana alisema ni dakika kumi tu, gari la nini. Nilicheka njia nzima huku navuja damu. Tangu siku hiyo nilimpenda, ila sikumwambia, nikaendelea kumtukana kama kawaida.

Baba mdogo ndiye hakucheka. Unajua tangu baba afariki huja kila Jumapili kuwasha rundo la takataka zetu na kusimama kando yake, mikono kiunoni, ndipo aone kwamba nyumba ina mwanamume. Wifi alimwomba asiwashe. Akawasha. Wifi akaleta ndoo, akauzima moto, na viatu vya baba mdogo vikalowa. Yule mzee alimrushia reki. Ilimkosa, ikavunja dirisha la mama. Akaapa mbele yetu kwamba mwanamke huyo ataondoka nyumba hii akichechemea.

Kisha kikaja kikapu. Gunia la mkaa wifi aligawa lote, akabaki na jiko la gesi, na hata gesi yenyewe akaionea huruma. Maharage aliyachemsha kwa robo saa tu, akaitumbukiza sufuria yote ndani ya kikapu kikubwa alichokijaza matambara na blanketi kuukuu, akafunika kwa mto, akaenda kazini. Aliporudi yameiva, laini kabisa. Sharti lake lilikuwa moja tu: usifunue, ukifunua joto linakimbia. Kikohozi cha mama kilipungua kwa kukosa moshi. Mimi nilikula maharage hayo nikisema mabichi, na nikaongeza sahani ya pili. Mdomo wangu unaujua. Niliapa mbele ya mama kwamba chakula hakiivi bila moto, na siku kitakapoiva mbele ya ukoo mzima nitamwomba radhi kwa magoti.

Wifi akalipokea hilo. Jumapili ya kikao cha ukoo, watu kumi na wanane, alisema chakula chote kitatoka kikapuni.

Yaliyofuata umeandikiwa na baba mdogo, lakini alikuandikia nusu. Tulikuwa sebuleni tukaona moshi. Kikapu kilikuwa kinawaka, na pazia la jikoni limeshika. Mama alikuwa amelala kile chumba kidogo cha nyuma, ambacho hakina njia isipokuwa kupitia jikoni. Wanaume walikimbilia uani wakipiga kelele. Wifi peke yake ndiye aliyeingia. Alikisukuma kikapu kile kwa mikono mitupu, akambeba mama mgongoni, akamtoa akiwa mzima, hata khanga haikuungua. Hilo baba mdogo hakukuandikia, sivyo? Wala hakukuandikia kwamba moto ulipozimwa alivua mkanda. Alimpiga mkeo mbele ya ukoo, mgongoni, shingoni, akamburuta kwa nywele hadi getini ilhali mikono ya mkeo imebabuka ngozi, huku akisema huu ndio mwisho wa ujuaji. Nilihesabu mapigo kumi na mawili, kisha nikaacha. Nilikuwa nimesimama na sinia la glasi. Mimi, ninayepasua mfupa wa paja kwa pigo moja, nilisimama na sinia la glasi.

Sasa soma taratibu, kaka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kikapu hakikujiwasha. Nilikiwasha mimi.

Asubuhi ile wifi alipokuwa anapanga viti, nilikwenda kukifunua ili nicheke. Nikafunua tena baada ya nusu saa. Nikafunua mara ya tatu, nikaonja, maharage magumu kama kokoto na sufuria imepoa. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimwona baba mdogo akiingia getini amevaa vizuri, amekuja kumcheka, nikajua wifi ataumbuka mbele ya watu kwa sababu yangu. Nilitaka kumsaidia, kaka. Nilikimbia kwa mchoma nyama, jirani wa bucha yetu, nikachukua makaa matatu yaliyokolea kwenye kopo langu la chumvi, lile lenye mkono wa waya, nikaliweka chini kabisa, chini ya matambara, nikafunika vizuri. Nilidhani yatapasha tu. Chakula hakiivi bila moto, si ndivyo nilivyoapa? Mama yetu angekufa kwa akili yangu hiyo.

Nilinyamaza majuma mawili. Nilinyamaza hata ulipotuma ujumbe wako. Jana nilikwenda kumsaidia wifi kufunga sanduku, kwa kuwa vidole vyake vimefungwa bandeji, na chini ya nguo zake nikalikuta kopo langu, jeusi tii, mkono wa waya uko vilevile. Nikakaa chini sakafuni nalo mkononi. Alisema aliliokota kwenye majivu siku ileile na akaelewa papo hapo: nilifunua, nikaogopa. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema mkanda ulikuwa tayari umevuliwa, na hakuona faida ya kupigwa watu wawili. Kisha akanigusa hapa juu ya jicho kwa bandeji yake, akasema bado alikuwa na deni langu la nyuzi tatu.

Nililia mpaka mama akaja na maji.

Leo asubuhi nilimwita baba mdogo, nikamweleza yote mbele ya mama. Hakuniamini. Alisema wifi amenilisha maneno, akamwendea tena, mkono juu, yule mwenye bandeji ambaye hawezi hata kujikinga. Safari hii sikuwa na sinia. Nilimpiga mara moja, na unajua nikipiga mara moja. Ameondoka ameziba mdomo kwa leso, anasema atakuandikia. Mwache aandike. Mama amesema dirisha lake ndilo lililopigwa kwanza, kwa hiyo hesabu iko sawa.

Kaka, dereva anaondoka jioni na anasubiri barua hii. Kama ulikuwa umekata shauri, likate upya. Mkeo hana kosa, na ukija, magoti uliyonayo ujiandae kuyatumia, yangu yameshatumika. Lakini kama ni lazima mtu atoke nyumba hii, sanduku bado limefungwa kamba pale mlangoni. Nguo zilizomo sasa ni zangu.

Mama anakusalimu. Wifi hajui kwamba nakuandikia, yuko chumbani kwangu amelala. Mimi ndiye mpishi mpaka mikono yake ipone. Nimetafuta kikapu kingine, nimekijaza blanketi langu mwenyewe, na maharage yamo tangu saa mbili asubuhi. Sijakifunua.

Ni mimi mdogo wako,
Mkata nyama