Golini Atakaa Nani?

S.L.P. 27,
Kibiti, Rufiji.
2 Agosti 1994

Mpendwa dada yangu Mwanamina,

Assalaam alaykum, wewe na shemeji Talib na wale mabwana wawili wanaokula kuliko baba yao. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mafua ya kipupwe ambayo hayachagui mkubwa wala mdogo, na goti langu la kushoto linalopata habari za baridi kabla ya redio. Je, wewe hali yako? Kifua kimepoa, au bado ziwa la Kigoma linakupulizia? Tafadhali usiniandikie tena "sijambo kidogo". Sijambo kidogo ndiyo hali gani hiyo?

Dagaa wako walifika. Harufu ilitangulia, mfuko ukafuata. Majirani walinitembelea siku mbili mfululizo kunijulia hali, watu ambao tangu Idi sikuwaona. Ahsante sana, dada.

Kibiti ungeiona leo ungeuliza njia. Pale lilipokuwa duka la ushirika, tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni, sasa kuna mitumba imetandazwa mpaka barabarani, na kila kitu ruksa. Kwa Hilal sabuni zimepangwa rangi saba, unachagua kama bibi harusi. Nami, niamini usiniamini, naikumbuka ile foleni. Tulikuwa tunachoka, lakini tulicheka mle mpaka tukasahau tumefuata nini.

Sasa nije kwenye timu, maana najua macho yako yalikwisha kuruka mistari kulitafuta jina la Zabibu. Tulia, mwanao uliyeniachia ni mzima. Lakini kuna jambo, na nakuomba ukae chini kwanza, ulisome lote kabla hujakasirika.

Timu yetu wasichana wenyewe wameiita Kombeo, kwa kuwa wote wamekulia juu ya vichanja vya madungu wakiamia ndege wasile mpunga. Jezi nilizipata kwenye mitumba ya Ikwiriri, za kijani, nzuri, ila watatu wana namba kumi na hakuna mwenye namba mbili. Chini wanavaa suruali na sketi juu yake, kichwani mitandio. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja kutazama mazoezi ahakikishe tumejisitiri. Alikaa mpaka mwisho, akaondoka akibishana na mwenzake kama lile bao la tatu lilikuwa la kuotea.

Mwanzo wa msimu tulikwenda Mahege. Kiwanja chao kizuri, ila pembe moja bibi mmoja amepanda kunde, na ukipiga kona ya upande ule lazima ukanyage kunde zake. Alitutolea mwiko. Tukashinda hata hivyo, mawili kwa moja, na mmoja wa wapigaji kona zetu bado anaogopa kupita Mahege. Ikwiriri nao walikuja kwetu, tukatoka sare, na hapo ndipo kila mtu alipomjua Zabibu. Dada, yule mtoto anadaka. Nassibu mjomba wake anajisifu kwamba ni kazi yake, kwa vile alikuwa akimwangushia maembe kutoka juu, naye ayadake yasipondeke. Sawa, tumwachie sifa zake. Lakini mimi nikimtazama amekaa golini, kidevu mbele, mikono kiunoni, namwona mtu mwingine kabisa.

Unakumbuka mchangani Mbuchi? Ule mpira wetu wa matambara na kamba za mgomba, tukisubiri maji yapwe ndipo tupate kiwanja? Mwamuzi wetu alikuwa maji. Yakirudi, mchezo umekwisha, aliyeshinda kashinda. Na wewe na ule mguu wako wa kushoto! Siku ulipopiga shuti likapita juu ya ua likauvunja mtungi wa Mama mkubwa, tulikimbia mpaka kwenye mikoko tukashinda na njaa. Mimi ndiye niliyelia. Wewe ulikuwa unaniuliza kama niliona mpira ulivyokwenda.

Haya, jambo lenyewe. Shule zilipofungwa Zabibu alikwenda Mbuchi kumsaidia bibi yake, Mama mkubwa, kuvuna. Huku nyuma tukaalikwa Ikwiriri kucheza nao siku ya Sabasaba, mbele ya watu wote. Mimi nikamtuma Mfaume, yule anayeleta chumvi, amwambie Mama mkubwa kwamba nataka Zabibu acheze Sabasaba, na watu wa Kibiti wote watakuja kutazama. Maneno hayo tu, si mengi. Mfaume akayabeba mpaka Mbuchi, na huko akayatua hivi: Kudra anasema Zabibu achezwe Sabasaba, na watu wa Kibiti wote watakuja.

Najua sasa umeshika mdomo. Nami nilishika.

Mama mkubwa alikuwa akilingoja neno hilo la unyago tangu mtoto avunje ungo. Wewe ulimwambia asubiri mpaka Desemba utakapokuja, akasubiri kwa shingo upande. Basi lilipofika, alijua ni neno lako limepitia kwangu. Siku ile ile akamwita kungwi, akamtia mtoto ndani.

Mimi sina habari. Siku chache kabla ya Sabasaba nateremka Mbuchi kumchukua mchezaji wangu, nafika na kapu langu, napokewa kwa vigelegele! Mama mkubwa kanikumbatia huku akichungulia nyuma yangu.

"Umekuja, mwanangu! Na wenzio wa Kibiti wako wapi? Siye tumekwisha kutwanga mchele wa watu wote!"

Nilimtazama kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Tulipoelewana, alikaa kwenye kizingiti. Kwanza alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha yale machozi yakawa ya kweli, kwa ajili yako, kwamba binti yako wa pekee anachezwa nawe hupo. Mfaume alipoitwa alisema, "Miye nimesema vile vile ulivyonambia. Acheze, achezwe, yote si ngoma tu?" Ilibidi nimshike Mama mkubwa mkono.

Nikamwomba amtoe mtoto, tungoje Desemba. Akatikisa kichwa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, alisema, na mwali haingii ndani mara mbili. Sabasaba siku zake za ndani zingekuwa hazijatimia, angetolewa shule zikikaribia kufunguliwa. Halafu akaongeza kwa upole, na upole wake unaujua ulivyo mgumu, kwamba akitoka ni mtu mzima, na mambo ya mipira yawe basi. Nilikuwepo ngoma ya kwako ilipochezwa, nikajua anachosema.

Nilipoingia kumwona, kungwi aliniruhusu kidogo tu. Mtoto amejifunika, ameinama, hasemi, kama inavyotakiwa. Nikamshika bega, nikamwambia, "Mama yako atajua kwamba haikuwa makusudi." Nilipogeuka kutoka, nikasikia sauti ndogo chini ya kanga.

"Mama mdogo, golini atakaa nani?"

Dada, sikulala vizuri siku zile.

Golini alikaa Salwa, binti yake Hilal mwenye duka. Mtoto mwema, ila mpira ukija anafumba macho. Tulifungwa matatu. Ikwiriri nzima ilifurahi, na wetu walirudi kwenye lori wamejiinamia, mitandio usoni. Amal, nahodha wetu, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alikaa ameukumbatia mpira mpaka Kibiti. Tuliposhuka akaniuliza kama ni kweli Zabibu hatarudi. Nikamwambia sijui, na kweli nilikuwa sijui.

Njia nzima nilikuwa nikiikumbuka siku uliyotolewa wewe. Sisi wadogo tulikaa nyuma na mpira wetu tukidhani ngoma ikiisha utakuja. Ukapita umeinama, wanja umekolea, hukututazama. Kesho yake tulikwenda mchangani tukakungoja mpaka maji yakajaa. Hukuja. Hakuna aliyekukataza tukasikia, ilikuwa imeeleweka tu. Tulijaribu bila wewe, na haikupita muda mpira ule ukaachwa uani, kuku wakaufumua. Sikupata kukuuliza ulikuwa unawaza nini siku ile. Tulikua, ukaolewa, ukaenda mbali, nikaona haya kuuliza.

Sasa nikwambie ya Zabibu alivyotolewa, maana ulistahili kuiona na nitakuonyesha kwa kadiri ya kalamu yangu. Alipendeza. Mama mkubwa alimvisha kanga zile ulizoleta mwaka juzi, akamfunga ule mkufu wako. Alikaa kwenye mkeka, macho chini, ametulia kama maji ya mtungini, na kweli mtungi ulikuwepo pembeni yake, mpya, wa maji ya wageni. Ngoma zilipigwa mpaka kuku wakahama. Wale wazee wa Mbuchi walikutaja wewe kila walipomtaja yeye.

Timu yote ilikuja. Walivaa jezi zao na kanga juu, wakaleta sukari na sabuni za kwa Hilal kumtuza mwenzao, na Amal akaficha mpira chini ya kanga. Anasema walitaka kumwachia kama kumbukumbu. Zamu yake ya kutuza ilipofika, akainama, na mpira ukamtoka. Mpaka leo anaapa uliteleza. Mimi simwamini, na wewe usimwamini, kwa sababu mpira unaoteleza hauruki kimo cha kifua kuelekea moja kwa moja kwenye mtungi wa Mama mkubwa.

Nilifumba macho kama Salwa.

Sikusikia kitu kuvunjika. Nilipofumbua, Zabibu amekaa pale pale, kichwa chini, hajainua jicho hata mara moja, adabu zote za mwali ziko mahali pake. Ila mkono mmoja ulikuwa umetoka chini ya kanga, na mpira uko kifuani kwake. Kisha akaurudisha mkono ndani taratibu, pamoja na mpira, akatulia.

Ngoma ilinyamaza. Kungwi alimtazama Mama mkubwa, wote tukamtazama Mama mkubwa. Yeye aliuinamia mtungi, akaupapasa ukingo wake kwa kidole.

"Mama yake kanivunjia," alisema. "Huyu kauokoa." Halafu akawageukia wapiga ngoma kana kwamba wao ndio walioshtakiwa. "Haya, mnangoja nini? Mtoto keshachezwa. Basi na acheze."

Vigelegele vile sijavisikia tangu Ikwiriri watufunge, na vile havikuwa vyetu. Nililia hadharani, dada, na sikuona haya. Nilikulilia na wewe kidogo.

Lakini Mama mkubwa ni yule yule. Jioni aliniita kando akaniwekea sharti: kwamba neno la safari hii litoke kinywani mwako wewe, si kwangu wala kwa Mfaume. Mpaka ujibu, Zabibu anafanya mazoezi na wenzake lakini hachezi mechi. Kwa hiyo nakuomba, uandike mwenyewe, kwa herufi kubwa, *acheze*, bila w kujipenyeza humo. Na kama moyo wako unakataa, andika hivyo pia, wewe ndiye mama. Ila naomba kabla hujaandika uikumbuke siku ile ulipotupita na wanja wako.

Mipango ya kipupwe hiki tumekwisha kuipanga. Mpunga uko ndani, jua halichomi, na wasichana wanapata nafasi baada ya shule. Mfaume tumemhukumu kuuziba wavu wa goli, ni jarife kuukuu la wavuvi lenye matundu ya kupitisha mbuzi, na anaushona kila akileta chumvi huku tukimtania. Baada ya Maulidi tutarudiana na Mahege, iwapo kunde zitakuwa zimevunwa. Ikwiriri tumewaalika mwezi wa kumi. Desemba, ukija, tunateremka wote Mbuchi, tucheze pale pale mchangani maji yakipwa, akina mama upande mmoja, mabinti upande mwingine. Mama mkubwa amekubali, ila anasema siku hiyo mtungi utalala ndani.

Nisalimie sana shemeji Talib, umwambie asinikasirikie peke yangu, agawane hasira na Mfaume. Wanangu wote wawili wabusu kwa niaba yangu. Mama mkubwa anakusalimu na anasema amekuwekea mchele mpya. Nassibu anakusalimu. Hilal na mkewe wanauliza mtakuja lini. Amal na Salwa hawakujui, lakini wamenikazania niandike majina yao.

Mola akulinde na baridi ya ziwa, akukinge na kifua, akutie njiani Desemba kwa salama, mtu na watoto wake.

Zabibu mwenyewe ataandika wiki ijayo. Kwa sasa ana swali moja, nalo nakuletea bila kulipitisha kwa mtu: mama akija, atapiga kwa mguu gani? Amesikia habari za ule wa kushoto na haamini. Dada, safari hii uje. Tutakungoja mchangani hata maji yakijaa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye tangu mpira wa matambara,

Kudra