Nguo Chache za Kuhamia Malindi

Baba Rehema,

Salamu ndefu sikuletei, maana salamu hupelekewa mtu anayejulikana aliko. Simu yako imezimwa, lori lako halionekani, na wapakuaji wa viazi pale sokoni wakiniona naja huanza kutazama viatu vyao. Basi naandika wazi, asome atakaye. Siri zote zilizokuwa ndani ya ndoa yetu zilikuwa zako peke yako, kwa hiyo sioni siri yetu ninayoifichua.

Unakumbuka ulivyonihamisha? Nilikuwa kwetu Kinangop, mahali ambapo mtu huvaa sweta kabla hajafungua macho vizuri, na wewe ulikuwa dereva unayekuja kuchukua kabichi na viazi kupeleka pwani. Baba alikubali posa yako shingo upande. Nikasilimu, tukaoana, nikamzaa Rehema, na miaka yote ile ulikuwa mtu wa kuja na kuondoka na mzigo. Siku uliposema sasa tuhamie Malindi, ndiyo siku niliyojiona mke kamili. Nikaanza kufunga mabegi. Ukanitazama nikikunja majaketi na blanketi, ukacheka mpaka ukakaa chini.

"Mama Rehema, hizo wampelekea nani? Joto la kwetu lina maji ndani yake. Hizo zitakuua, na zisipokuua wewe zitaota ukungu."

Ukaketi jikoni kwa mama yangu, kikombe cha chai mkononi, ukanifundisha mavazi kama mwalimu wa madrasa. Nailoni hapana, polista hapana. Nguo iwe ya pamba na iwe pana, upepo uingie chini utokee shingoni. Zipu ulizikataa kwa sababu chumvi ya hewani huzila. Ukasema vifungo vya plastiki vyatosha. Viatu vya ngozi ukavikataa kwa sababu ya ukungu. Kijivu ulisema ni rangi ya kutangaza jasho la mtu sokoni. Na nguo zenyewe ziwe chache, tena zinazoelewana: nyeupe, buluu ya nili, rangi ya mchanga, na kijani kimoja cha sikukuu, ili kila sketi ivalike na kila blauzi na mtandio wowote ukubali dera lolote. Nguo nyingi zikifungiwa kabatini huvunda, ulisema. Chache hufuliwa, huvaliwa na kupigwa upepo.

Sikuwa nimewahi kumsikia mwanamume akizungumza hivyo juu ya nguo. Kwetu mume hajui hata gauni la kanisani la mkewe ni la rangi gani. Nikajiona nimependwa na mtu mwenye macho, na nikawahurumia dada zangu.

Nikagawa kila kitu. Wanjiru, dada yangu, akachukua masweta na gumbuti. Koti la sufu aliloniachia nyanya yangu nikampa mke wa kaka, nikiwa nacheka. Mama alisimama mlangoni akitazama chumba kikibaki kitupu.

"Acha hata moja ya kurudia," akaniambia.

Nikamjibu kwamba sina nia ya kurudi. Watu wa kwenu husema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo nilikuja kuisikia nikiwa Malindi, na mbachao wangu tayari umevaliwa na mke wa kaka.

Siwezi kukusingizia, zile siku za mwanzo zilikuwa tamu. Ulipanga nyumba mtaa wa Shela, hapa hapa Malindi, chumba na sebule na kibaraza. Nguo ulizonichagulia zilikuwa zimenitangulia, zimetundikwa, zina harufu ya udi. Ulininunulia leso, ukakaa kibarazani na mkasi ukanionyesha pa kuzitenganisha na jinsi ya kuzipinda. Ulinifundisha kuanika kivulini, kwa sababu jua la huku huzeesha nili kwa mwezi mmoja. Asubuhi moja nilitoka na dera la nili na mtandio mweupe, ukaacha kunywa chai ukanitazama.

"Sasa umekuwa mtu wa kwetu."

Nililia kidogo siku ile. Wewe ulidhani ni jasho, ukaniletea taulo.

Na mimi nikaamini kweli nimekuwa mtu wa kwenu. Nikajifunza kusema taratibu, nikajifunza kuamkia wakubwa kabla sijauliza bei. Uliponiambia jamaa zako wote wako Lamu na safari ya huko ni ndefu, sikuuliza lini tutakwenda. Ulipokuwa huonekani siku kadhaa nilikuombea usalama barabarani. Nimekuombea sana mimi, Baba Rehema, na nusu ya dua zile zilikuwa za mtu aliyelala kitandani Mambrui ameshiba.

Halafu ikaja harusi ya binti wa jirani yetu, aliyeolewa na kijana wa huko huko Mambrui. Tulikuwa upande wa wanawake, tumeketi mkekani tukingoja pilau. Wajua harusi za kwenu, wanawake hushona sare, kundi hili rangi hii, kundi lile rangi ile. Mimi sikuwa kwenye kundi lolote. Bibi mmoja aliyekuwa akigawa sahani akasimama mbele yangu, akatabasamu.

"Sare yenu nyinyi wawili yapendeza. Mumeshona kwa nani?"

Nikageuka kumtazama huyo wa pili. Aliketi kando yangu mwanamke aliyenizidi miaka kidogo. Amevaa dera la nili, mtandio mweupe wenye ushanga ukingoni, ndara za rangi ya mchanga. Dera langu, mtandio wangu, ndara zangu. Tukaangaliana tukacheka, kama watu wanavyocheka jambo kama hilo.

"Hili hulipati Malindi," akaniambia. "Mume wangu kanitolea Mombasa."

"Hata langu katoa Mombasa."

"Yuko kazini huko, wako?"

"Ni dereva. Hubeba kabichi na viazi kutoka bara."

Aliacha kucheka kabla yangu. Akaniuliza jina lako. Nikalitaja, naye akalirudia pole pole, akaongeza jina la baba yako na la babu yako, ambalo mimi sikuwa nalijua. Kisha akaniuliza kama nami nina sketi ya rangi ya mchanga yenye mifuko miwili. Nikamwambia ninayo. Akaniuliza juu ya lile gauni la kijani la sikukuu. Nikamwambia ninalo. Pilau ikaja, na bibi yule akatuuliza mbona hatuli.

Huyo ni Mama Swaleh. Najua unamjua. Uliishi naye kabla hujajua Kinangop iko upande gani.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na hii yako ni fupi kweli: unapanda gari Malindi, unavuka daraja la Sabaki, na kabla hujakaa vizuri umefika Mambrui. Mwanamke yule hakunitukana wala hakunikumbatia. Alinifungulia mlango, kisha akanifungulia kabati. Nguo zangu zote zilikuwa mle, Baba Rehema. Nyeupe, nili, mchanga, kijani. Hata blauzi ile yenye kola pana ambayo sikuipenda, naye hakuipenda, ilikuwa imesukumwa nyuma kabisa kama nilivyoisukuma yangu.

"Nalimuona akinunua mbili mbili," akasema. "Nikamuuliza. Akanambia nyengine ni za dadake, yuko Lamu."

Kumbe miaka yote ile mimi nilikuwa dada yako wa Lamu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulitaka nguo zangu ziwe chache na zielewane. Niliyoyachukua kuwa mapenzi yalikuwa urahisi wako. Mtu anayenunua kila kitu mara mbili hawezi kuacha wake zake wajichagulie, maana mmoja akijinunulia kanzu nyekundu sokoni, mizani inaharibika. Ulitukata sote kwa kipimo kimoja ili usipate shida ya kukumbuka nani ana nini.

Na najua kwa nini ulifanya hivyo, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Hukufanya kwa ubahili. Ulimwogopa Mungu. Umefundishwa tangu utotoni kwamba mwenye wake wawili asiyefanya uadilifu atafufuliwa amepinda upande mmoja, nawe ukataka kufufuka umenyooka. Sikatai kwamba dini ilikuruhusu. Ningeulizwa kwanza ningekataa kwa sauti, lakini sikatai. Ninachouliza ni mahali gani uliporuhusiwa kupima kitambaa kwa mizani na kutudanganya bila mizani.

Ulipokuja Alhamisi ile na mfuko wa machungwa, nilikuwa nimeutandaza msiba kitandani: kila nguo uliyonipa. Nikakuambia nimetoka Mambrui. Hukubabaika hata kidogo. Nilikutazama usoni nikaona kitu ambacho sikukitarajia, nikaona fahari.

"Uliza kule, uliza hapa," ukasema. "Yuko mmoja niliyempunguzia hata uzi?"

"Na ukweli ulimpa yupi?"

Ukatazama mlango. Ukasema kuna mtu wa matairi anakungoja. Machungwa uliyaacha juu ya dera la nili, na tangu siku hiyo hujaonekana Shela wala Mambrui. Hapo napo umetufanyia sawa.

Nilijaribu kuzichukia zile nguo. Nilizifunga zote ndani ya leso, nikaenda sokoni nikanunua gauni la nailoni lenye maua makubwa na zipu mgongoni, makusudi, nikalivaa kutwa nzima. Jioni shingo na mgongo vilikuwa harara tupu. Rehema akanipaka poda akiniuliza kwa nini nimevaa kitu kinachowasha. Nikafungua leso nikarudi kwenye pamba yako. Ndiyo dhuluma nyingine hiyo: ulinidanganya kwa kila kitu ila hali ya hewa, na katika hali ya hewa siwezi kukukosoa.

Mama amenipigia simu akaniambia nirudi. Hakunikumbusha alichonionya, na ningependa angenikumbusha, ningepata mtu wa kugombana naye. Nimemwambia sirudi. Si kwa sababu sina nguo za baridi, hizo hununuliwa. Rehema anasoma hapa, na kwa usemi wake tayari ni mtoto wa hapa. Mimi nimeanza kuuza viazi karai mbele ya nyumba, vile vile viazi vya kwetu, na wateja nimepata. Nilihamia huku kwa ajili ya mtu, lakini mwili wangu haukuhama kwa uongo. Umeshazoea, na nimechoka kuuhamisha kwa matakwa ya wengine.

Lililobaki ni moja. Nimekuwa mke asiye na mume na mtu asiye na ruhusa. Sina anayenitazama, na sina haki ya kumtazama mwingine. Mwenye nyumba akiniuliza mume yuko wapi nasema yuko safari, na kila nikisema hivyo nakuwa mwongo kama wewe. Sitaki kurithi uongo wako. Rehema nimemwambia ukweli kwa kiasi cha umri wake. Akauliza kama huyo Swaleh ni kaka yake. Nikamwambia ndiyo. Akataka kujua anasoma darasa la ngapi, wala hakuuliza lolote juu yako.

Usidhani mimi na Mama Swaleh tumekuwa mashoga. Hatupendani. Tunaheshimiana kama watu wawili walioibiwa na mwizi mmoja. Juzi nilikwenda tena, kwa sababu nilitaka ajue nitakalolifanya kabla sijalifanya, heshima ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuipata kutoka kwako. Nilimwambia nitataka talaka, na usipotokea nitakwenda kwa kadhi. Nikamuuliza yeye ataka nini.

Alikunja leso yake magotini, akaifunua, akaikunja tena.

"Mimi namtaka," akasema. "Yuwaniudhi, lakini namtaka. Nitamngoja."

Sikumcheka. Moyo ni wake na mume ni wake, na huenda akakuongoza njia iliyonishinda mimi. Basi jitokeze, popote ulipojificha. Njoo Shela mchana, mlango uko wazi, wala hakutakuwa na kelele. Yeye umpe mume. Mimi unipe talaka yangu. Ninajua itakuwia vigumu, kwa sababu tangu unioe hujawahi kumpa mmoja wetu kitu ambacho hukumpa mwenziwe.

Kwaheri ya kuonana mara moja tu,

Mama yake Rehema