Krismasi ya Neema Dunguni

Maneromango, Uzaramo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kinachokubana wakati wa ukungu kiwe kimekuachia. Sisi huku tuliobaki tu wazima. Nakuomba uisome mwenyewe, usimpe mdogo wangu Danieli akusomee kwa sauti, maana yaliyomo ni ya macho yako.

Mama mkwe wangu, Bi Mwajuma, amefariki. Tulimzika wiki tatu baada ya Krismasi, kwa taratibu za Kiislamu kama alivyotaka, na mume wangu Yohana, ingawa ni mwalimu wa misheni, alishika jeneza mbele pamoja na ndugu zake.

Yalianza siku chache kabla ya sikukuu. Mwanangu Neema alikuwa amekariri aya yake ya wachungaji tangu mvua zilipoanza, akiisema jikoni kutwa hata kuku wakaizoea. Akashikwa na homa, na kesho yake malengelenge yakamtoka tumboni na mgongoni. Huku, Mama, malengelenge yakimtoka mtoto watu huwaza ndui tu, na ndui iliwahi kumaliza nyumba nzima nzima. Bi Mwajuma mwenyewe aliiugua utotoni, uso wake ulikuwa na vishimo hadi masikioni. Desturi yao ni kumtoa mgonjwa kijijini, akauguzwe shambani na mtu aliyekwisha kuugua, kwa kuwa ndui haimrudii mtu. Jumbe, mkuu wa kijiji, naye akaagiza hivyo hivyo. Yohana akaondoka na baiskeli kumtafuta mganga wa serikali Kisarawe, na barabara yetu nilikwisha kukusimulia, mvua ikinyesha mtu ndiye anayeibeba baiskeli.

Sasa nisikilize. Nilipomvua Neema nguo niliyaona yale malengelenge, mengine ndiyo kwanza yanatoka, mengine yamejaa maji. Nikakumbuka mwaka ule uliponiogesha maji ya majani na kunifunga vidole kwa kitambaa nisijikune. Moyo wangu uliniambia hii si ndui, ni tetekuwanga. Na kama ni tetekuwanga, wa kumuuguza mtoto nilikuwa mimi, niliyekwisha kuipata.

Lakini siku mbili nyuma Bi Mwajuma alikuwa amemwaga uji wangu mbele ya wageni. Alisema hauna nazi, nipike kama watu, na mambo ya milimani niyaache huko huko milimani. Nikasusa. Unanijua nikisusa. Nikasema moyoni, haya, wao ndio wajuao. Alipokuwa anafunga mkeka wake nilifungua mdomo, akaniuliza nasemaje, nikamjibu sisemi kitu. Akambeba mjukuu wake mgongoni, na uzee wake ule, akaenda naye kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunacholindia mihogo isiliwe na nguruwe.

Siku ya Krismasi nilivaa gauni ulilonishonea nikaenda kanisani. Aya ya Neema ilisemwa na mtoto mwingine, tena vizuri. Ibada ilipokwisha nikapeleka wali wa nazi na paja la jogoo, nikaviweka kwenye kisiki nilichoonyeshwa, mbali na dungu, nikaita. Bi Mwajuma akatokeza, akaniambia nisiondoke kwanza. Akamsimamisha Neema, mwili wote umepakwa unga wa muhogo, akamwambia aseme yake. Mtoto akaanza. Katikati akasahau, na yule bibi asiyekosa swala tano akamkumbushia neno kwa neno, maana alikuwa akiisikia jikoni kila siku pamoja na kuku. Nililia pale kisikini. Hata hapo ningeweza kusema, lakini niliona aibu kwamba nimechelewa.

Mganga alifika siku mbili baadaye. Alimtazama Neema, akatuambia si ndui, ni tetekuwanga, arudishwe nyumbani. Tukachinja kuku mwingine, Bi Mwajuma akapiga vigelegele, ikawa ndiyo Krismasi yenyewe kwa Neema. Haikupita muda mrefu Bi Mwajuma naye akashikwa na homa. Hakuna aliyehofu, kwa kuwa sote tuliamini uso ule umekwisha kupita maradhi yote ya namna hiyo, kumbe ndui haimkingi mtu na tetekuwanga. Malengelenge yakamjaa hadi kooni, kisha ugonjwa ukaingia kifuani. Nilimuuguza mimi. Nilimpikia uji wa nazi, akanywa vijiko viwili, akasema umeiva.

Siku yake ya mwisho, adhuhuri, alinishika mkono.

"Siku ile nafunga mkeka," akasema, "ulitaka kuniambia nini, mwanangu?"

Nikamwambia, "Nilitaka uchukue blanketi, mama."

"Ungesema tu," akasema. "Kule kulikuwa na baridi."

Alasiri akakata roho. Mama, nimemdanganya mtu anayekufa, na aliniamini. Yohana hajui. Kila jioni ananishukuru kwa jinsi nilivyomuuguza mama yake, nami nainama nachochea moto.

Nisalimie Baba, umwambie miwani yake nimeiulizia na bado. Msalimie shangazi aliyekusaidia kunilea, na Danieli, umwambie mpwa wake amepona, amebakiwa na kovu moja tu juu ya nyusi. Ile barua niliyokuletea kabla ya mvua, niliyomsema vibaya Bi Mwajuma na mapishi yake, tafadhali ichome.

Hii ya leo Yohana ndiye atakayeipeleka posta Kisarawe kesho. Bahasha sitaigundisha. Nitamwambia haikufungwa, na kwamba kama anataka kuisoma njiani, aisome.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Marita